Odilo Mpiga Picha na Betri za Kuanika

Odilo Mtewele akiingia kwenye sherehe, kinachotangulia si yeye, ni kamera. Inaning'inia kifuani kama kengele ya ng'ombe, nyeusi, nzito, na mwenyewe anaifuata nyuma kifua mbele utadhani amebeba Sakramenti. Watu humpisha. Mimi simpishi. Namjua.

Hapa Makambako chumba changu cha cherehani na studio yake vimegawanywa na ukuta wa mbao, na mbao haziweki siri. Miaka zaidi ya ishirini nimemsikia akikohoa, akisali, akiwadanganya wateja kwamba picha zao ziko Iringa zinasafishwa, kumbe ziko mezani kwake hazijaguswa. Kwa hiyo haya ninayoandika sikusimuliwa na mtu wa njiani.

Ufundi aliupata Mafinga kwa miezi mitatu, na mmoja kati ya hiyo aliugua. Aliporudi alikuwa na kamera ya filamu, mwavuli mweupe, na pazia lenye picha ya maporomoko ya maji ambayo hakuna anayejua yako nchi gani. Mabibi harusi wa Makambako wa miaka ile wote wamesimama mbele ya maporomoko hayo. Hata mimi. Nimekunja uso, maana Odilo aliniambia, "Dada, tabasamu, ndoa ni furaha," nikamjibu kwamba yeye apige picha, ndoa aniachie mimi. Wakati huo alikuwa hajaoa.

Filamu moja ilikuwa na picha thelathini na sita, na watu wa sherehe hawahesabu. Mjomba anataka picha, kwaya wanataka, mpishi naye anataka na mwiko wake mkononi. Odilo alikuwa na dawa yake. Filamu ikiisha hasemi imeisha. Anaelekeza kamera, flashi inawaka, watu wanatabasamu na kumshukuru, na ndani hamna kitu. Mwenyewe aliuita mwanga wa baraka. Alinisimulia siku moja kupitia ukutani akicheka mpaka akapaliwa, nami nikacheka, Mungu anisamehe, hadi alipomtaja shemeji yangu.

Shemeji yangu Laurenti, mume wa dada yangu Asteria, alipigwa mwanga huo siku ya komunyo ya kwanza ya binti yao wa pekee, Juliana. Walisimama watatu mbele ya kanisa, Laurenti na koti la kuazima, mtoto katikati na shela yake. Baada ya wiki mbili Odilo akasema filamu iliungua. Mwaka uliofuata Laurenti akafa. Juu ya jeneza tuliweka picha ya kadi ya kura iliyokuzwa: kichwa tu, macho yamemtoka kama mtu anayetafutwa na polisi. Ndiyo picha pekee ya mumewe dada yangu aliyobaki nayo.

Sikumwambia dada ukweli. Ungemsaidia nini? Ila Odilo nilimwendea mlangoni na mkasi wangu mkononi.

"Siku utakapomrudia Asteria na mwanga wako wa baraka," nikamwambia, "nitakushona mdomo kwa uzi wa gunia."

"Mama Nathanieli, ilikuwa bahati mbaya."

"Bahati mbaya haichekwi ukutani."

Basi, miaka ikaenda. Filamu zikafa, Odilo akapata hii kamera ya dijitali ya mkononi, kubwa, ya kubadilisha lenzi, iliyokwisha kupita kwa mabwana wawili kabla yake. Aliitua juu ya meza yangu, kwenye sare za shule za watu, akatangaza, "Sasa filamu haiishi tena!" Na kweli, filamu haikuisha tena. Ikawa inaisha betri.

Betri zenyewe zilikuwa tatu. Ya kwanza ilikuja na kamera, na umri wake ni wa mtu aliyekwisha kumaliza kidato cha nne. Kama wahitimu wetu wengi, asubuhi unaijaza, mchana haikumbuki chochote. Ya pili aliinunua mpya, imefungwa kwenye nailoni inayong'aa. Hiyo ni mnafiki. Alama inakuonyesha imejaa, bado imejaa, imejaa kabisa, halafu giza, bila hata kuaga.

Ya tatu aliiua mwenyewe. Marehemu baba yake alikuwa na redio, na kama wazee wote wa huku, betri zikichoka alizianika juani juu ya bati, jioni zikapata nguvu ya kusikiliza taarifa ya habari. Odilo, mtu wa teknolojia, akapanda ngazi akaianika betri ya kamera. Saa tatu mpaka saa tisa, jua la Oktoba, bati linaunguza miguu ya kunguru. Ikashuka imevimba kama andazi.

"Imeshiba," nikamwambia.

"Itapungua."

"Basi ipe dawa ya gesi."

Hakunisikiliza. Akaishindilia kwenye kamera, ikakwama siku mbili, tukaitoa kwa koleo langu. Akaiweka rafuni juu, ipungue.

Mtu atauliza, siku hizi ambapo kila mtoto ana simu inayopiga picha nzuri kuliko lile dude, Odilo anaishi vipi? Anaishi kwa mapadre. Wamechoka na watu wanaopanda viti kanisani na simu zao, wakimzibia hata askofu. Kwa hiyo parokia nyingi huteua mpiga picha mmoja, na simu zote zinakaa mikobani. Odilo anajua pa kusimama, anajua pa kupiga goti, na amevaa kisibau cha mifuko kumi na miwili. Mapadre wanaona kisibau, hawaoni betri.

Mwaka juzi, mwezi wa sita, dada Asteria alishuka kutoka kwake, kijiji cha upande wa Njombe, akaja kushonewa gauni. Juliana alikuwa sista tangu zamani, na sasa alikuwa anaweka nadhiri za daima, mwezi wa saba, kwenye nyumba ya masista nje kidogo ya mji wa Njombe. Baada ya hapo wanampeleka Msumbiji kwa miaka mitano.

Masista hao wana desturi yao. Kabla ya nadhiri, mzazi anamshika binti mkono, anamwongoza mpaka kwenye ngazi za altare, anamkabidhi kwa Mama Mkuu, kisha anarudi kukaa. Haifiki dakika mbili.

"Mdogo wangu," dada akaniambia nikiwa nampima mabega, "zawadi sitaki, keki sitaki. Nataka picha moja tu, nimemshika mkono kabla sijamwachia. Baba yake alikufa hana picha naye. Mimi nikifa, niwe nayo."

"Tutakupiga na simu ya Nathanieli."

"Padre Marcelino amekataza simu. Ameteua mpiga picha."

"Nani?"

"Si Odilo wa kwenu hapa?"

Nilikuwa na pini nne mdomoni. Nusura nizimeze.

Dada alipoondoka nikagonga ukuta. "Odilo!"

"Naam, jirani."

"Ya Juliana umeisikia?"

Kiti chake kikalia upande wa pili. Halafu, "Nimeisikia. Mama Nathanieli, safari hii usiwe na wasiwasi. Nitachaji betri zote mbili siku nzima."

"Nina uzi wa gunia hapa, bunda zima."

Yeyote aliyelala Njombe mwezi wa saba anajua ninachotaka kusema. Asubuhi ile nyasi zilikuwa nyeupe kama zimemwagiwa chumvi, na maji ya kunawa kwenye ndoo yalikuwa na ngozi ya barafu. Mimi nililala kwa dada, tukaenda kanisani mapema, tumejifunika vitenge juu ya sweta juu ya sweta. Odilo akaja kwa pikipiki kutoka Makambako, safari ya saa nzima na zaidi, upepo wa alfajiri unamchapa. Na kamera? Kamera ilikuwa shingoni, nje ya koti, inapigwa na upepo huo huo njia nzima. Betri ya pili iko kwenye mfuko wa nje wa kisibau. Midevu yake ilikuwa na umande.

"Hivi ndivyo ulivyokuja nayo?" nikamuuliza.

"Watu wanione, Mama Nathanieli. Hili ndilo bango langu."

"Bango limepauka."

Meno yake yalikuwa yanagongana. Akaanza kazi. Na hapo nje ya kanisa, kabla hata kengele haijalia, alitumia betri kama mtu anayemwagia bustani maji. Akapiga kwaya, flashi. Akapiga makatekista, flashi, jua limeshatoka. Na kila akipiga, watu wanamzunguka. "Hebu nijione! Nami nijione!" Odilo anawageuzia kile kioo cha nyuma, anawakuzia sura mmoja mmoja, kioo kinawaka muda wote huo.

"Huyu si mimi," bibi mmoja akalalamika. "Mimi sijazeeka hivi."

"Ni wewe, bibi. Tazama kilemba chako."

"Kilemba changu, lakini uso wa nani?"

Watu wakacheka, Odilo akapiga tena, bibi akatazama tena, akakataa tena. Nikamvuta kisibau. "Unamaliza chaji. Waache watajiona kwenye karatasi."

"Kujiona ni bure," akasema kama bwana mkubwa.

Misa ikaanza. Maandamano yakaingia, Padre Marcelino nyuma, masista mbele, Juliana na mshumaa wake. Mimi na dada tulikaa benchi la pili. Odilo alitembea kinyumenyume mbele ya maandamano, akapiga goti, akainuka, akahama kushoto, akafumba jicho, akabonyeza. Mtu yeyote angesema, huyo ndiye mpiga picha.

Lakini kamera ya Odilo ina sauti. Inalia *kla!* kama kabati la jikoni linalofungwa kwa hasira, na kwa miaka yote hiyo imenikera kupitia ukutani. Nikategea sikio. Akabonyeza, kimya. Akahama upande, akabonyeza. Kimya. Akaniona namtazama, akageukia haraka upande wa maua.

Nikajua. Mwanga wa baraka umerudi, ila safari hii hata mwanga hamna.

Dada alikuwa amefumba macho anasali. Nikainuka wakati wa wimbo wa Utukufu, watu wakiwa wamesimama, nikamfuata kwenye nguzo, chini ya sanamu ya Mtakatifu Yosefu.

"Odilo. Inapiga?"

"Inapiga."

"Mbona hailii?"

"Nimeizima sauti. Kwa heshima ya ibada."

"Odilo Mtewele, unajua uko chini ya nani hapa?"

Akainua macho, akakutana na Mtakatifu Yosefu na randa yake. Mabega yakamshuka.

"Imekata," akasema.

"Zote mbili?"

"Zote. Naapa zilikuwa zimejaa, naapa mbele ya..."

"Usiape. Zilete hapa."

Akazitoa, moja kwenye tumbo la kamera, moja mfukoni. Zilikuwa baridi kama tumbo la chura. Kushika tu, nikakumbuka mafuta yangu. Mafuta ya cherehani haya ya kupimiwa mtaani, asubuhi za mwezi wa saba yanakuwa mazito, hayashuki, cherehani inalalamika kama punda. Huwa naweka kichupa kifuani wakati nachemsha chai, na chai ikiwa tayari mafuta yanatiririka. Hata simu yangu ikizimika sokoni alfajiri naipeleka huko huko, inarudi na chaji iliyokuwa imesema haina. Sijasoma zaidi ya darasa la saba, lakini najua kilichokufa na kilichopigwa na baridi tu. Hata kuku anayelalia mayai anajua.

Nikazisukumiza kifuani, ndani kabisa, mpaka chini ya sweta ya mwisho.

Odilo akageuza uso. "Mama Nathanieli! Hivyo ni vitu vya umeme!"

"Nimenyonyesha wanne hapo. Hiki hakinitishi. Wewe endelea kupiga magoti, watu wasijue, na ukisikia mahubiri yameisha uje kando ya benchi langu."

Nikarudi kukaa. Kona za zile betri zilinichoma kama deni la mkwe. Somo la kwanza, zaburi, somo la pili.

"Una nini?" dada akaninong'oneza. "Mbona umejikumbatia?"

"Nasali."

Alinitazama vizuri, maana ananijua.

Sasa Padre Marcelino ana sifa moja parokia nzima: mahubiri yake yana mwanzo, yana katikati, na yana katikati nyingine. Siku zote nimemsengenya. Siku ile, alipofika kwa Ibrahimu akaanza kurudi nyuma kwenda kwa Nuhu, nilimshukuru Mungu kwa kila neno lake. Endelea Padre, nikasema moyoni, tupitishe kwa Adamu kabisa. Dakika arobaini. Betri zikawa moto kama viazi vya kuchemsha.

Alipotamka "Tusimame," Odilo alikuwa kando yangu. Nikampa ile kongwe kwanza.

"Mnafiki nabaki naye," nikasema. "Sasa sikiliza. Flashi, hapana. Kioo cha nyuma, hapana. Ukipiga maua nitakuua. Usiguse kitu mpaka uone mkono ndani ya mkono."

"Ndiyo," akasema Odilo. Sijawahi kumsikia akisema ndiyo peke yake, bila maelezo nyuma yake.

Jina la Juliana likaitwa. Dada akainuka, gauni langu limemkaa vizuri, hilo niliseme. Akamshika binti yake mkono, wakaanza kutembea. Odilo alikuwa ameshapiga goti karibu na ngazi, kamera usoni, hatikisiki. Nilitega sikio mpaka nikasikia damu yangu mwenyewe.

*Kla!*

Sijawahi kuupenda mlango wa kabati kama siku ile. Wakafika ngazini. *Kla!* Hapo ndipo ilipotakiwa dada amwachie. Hakumwachia. Mama Mkuu amenyoosha mikono, Padre anasubiri, kwaya wamemaliza ubeti wao wanatazamana, na dada amemshika mtoto kwa mikono miwili, anamtazama tu. Hakulia. Juliana akainama, paji la uso likamgusa mama yake. Nikasema moyoni, Odilo, sasa, mbwa wewe, sasa.

*Kla!*

Halafu akaishusha kamera, akaitazama, akanitazama mimi, akatikisa kichwa. Imekufa. Nikampelekea mnafiki wakati watu wakipiga makofi. Akakubali kuonyesha amejaa, akapiga picha moja ya Mama Mkuu akipenga kamasi, akazimika.

Picha za dada na mtoto zilikuwa tatu, basi. Ya kwanza imeonyesha kisogo cha katekista. Ya pili dada amefumba macho. Ya tatu ndiyo ile.

Odilo aliisafisha kubwa, akaitia fremu, na kabla ya kuipeleka aliitundika wiki nzima kwenye dirisha la studio, na chini yake kadibodi: PICHA ZETU HAZIKOSEI. Nikaliondoa lile kadibodi mwenyewe nikafunikia ndoo. Kisha tukapanda wote kwenda kwa dada, maana sikumwamini na fremu hata njiani.

Dada alitusalimu, "Kamwene," tukaitikia, tukaketi. Akaipokea picha, akaiweka magotini, akaifuatisha ile mikono kwa kidole. Nilikuwa natafuta pa kuangalia. Ndipo Odilo akafungua mdomo bila kutumwa na mtu.

"Mama Juliana. Ile filamu ya komunyo. Haikuungua."

Nikamkanyaga mguu. Hakunyamaza.

"Haikuwemo. Nilikuwashieni taa tu."

Dada hakuinua uso kutoka kwenye picha. "Najua," akasema.

"Unajua?" Mimi ndiye niliyepiga kelele.

"Laurenti aliniambia siku ile ile tukirudi nyumbani. Alisema, yule kijana kamera yake haikulia ile sauti ya kuvuta filamu. Lakini mtoto alikuwa amefurahi, akasema tusimharibie siku, tutapiga nyingine." Akapangusa kioo cha fremu kwa ncha ya kitenge. "Ndiyo hivyo. Hatukupiga nyingine."

Nilibeba siri ile miaka kumi na minane, nikajiona ngome. Kumbe nilikuwa nawafichia wenye siri siri yao. Odilo alitazama chini, na kwa mara ya kwanza nilikosa cha kumwambia, jambo lililoniudhi zaidi kuliko yote aliyowahi kunifanyia.

Dada akainuka, akaitundika picha ukutani kando ya ile ya kadi ya kura. Sasa Laurenti anawatazama mkewe na binti yake kwa yale macho yake ya kutafutwa na polisi, na ukikaa kwenye kochi unaona kabisa kama ameshangaa kuwaona.

"Mkaribie chakula," dada akasema.

Siku ya pili yake Odilo aligonga mlango wangu, si ukuta, mlango, amekunja kisibau mkononi.

"Mama Nathanieli, naomba unishonee mfuko. Wa ndani. Hapa kifuani."

"Kumi na miwili haikutoshi?"

"Hiyo yote iko nje."

Nimemshonea, upande wa kushoto, wenye kina, kwa flana ya blanketi la mtoto, na kifungo juu. Betri mbili zinaingia vizuri. Anazivaa hata Januari, mpumbavu, jua linamtoa jasho. Kwenye misa za asubuhi nasikia watu wakisema siku hizi Odilo hakwami, nami nanyamaza, maana nikisema ukweli itabidi niseme pia zilikolala mara ya kwanza.

Ile ya tatu, iliyovimba, bado iko rafuni. Anasema itapungua.